Viti vya watoto vya gari: Lebo ndiyo inayolinda mtaji

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa Lushoto anayefikiria kuongeza viti vya watoto vya gari katika duka lake la spea ana wateja wa kuwatazamia. Wapo wenye magari binafsi, wapo wenye Noah za kukodi, na wapo wenye nyumba za wageni wanaopokea watalii waliozoea viti hivyo kwao. Barabara ya kilomita 33 hivi kutoka Mombo kupitia Soni, yenye kona kali na bonde pembeni, inatosha kumweleza mzazi kwa nini kiti hicho kinahitajika.

Hata hivyo, bidhaa hii si sawa na taa au kioo cha pembeni. Kiti kikiwa na kasoro, anayeumia ni mtoto. Na muuzaji wa mitumba anaweza kununua, bila kujua, kasoro ambayo kiwanda kilikwisha kuitangaza miaka mingi iliyopita.

Somo la mwaka 2014

Februari 2014, kampuni ya Graco ya Marekani ilitangaza kurekebisha viti vipatavyo milioni 3.7. Julai mwaka huo iliongeza viti milioni 1.9 vya watoto wachanga. Kasoro ilikuwa katika kifungio cha mkanda, ambacho kiliweza kugoma kufunguka, hasa kikiingiwa na mabaki ya chakula na vinywaji. Mtoto alifungwa vizuri. Hatari ilikuwa kushindwa kumtoa upesi baada ya ajali au gari kushika moto. Mwaka huohuo kampuni ya Evenflo nayo ilitangaza viti zaidi ya milioni moja kwa tatizo la namna hiyo.

Machi 2015 serikali ya Marekani iliiadhibu Graco dola milioni 10 kwa kuchelewa kutoa taarifa.

Dawa ya kasoro hiyo ilikuwa rahisi: kifungio kipya, bila malipo. Lakini kampuni humtafuta mnunuzi aliyejaza kadi ya usajili. Kiti kilichouzwa mkono wa pili na kuvuka bahari ndani ya kontena hakina anwani. Tangazo halitamfuata mwenye kiti Soni wala Mlalo. Yeye ndiye anayepaswa kulifuata tangazo, na njia pekee ya kulifikia ni lebo yenye jina la modeli, namba yake na tarehe ya kutengenezwa.

Hesabu ya muuzaji

Tuchukue mfano. Muuzaji ananunua viti 10 kwa Sh. 40,000 kila kimoja, jumla Sh. 400,000. Akiuza vyote kwa Sh. 65,000 anapata Sh. 650,000, yaani faida ya Sh. 250,000 kabla ya nauli na pango. Vinne vikionekana kuwa na kasoro iliyotangazwa na kuondolewa, vilivyobaki sita vinaleta Sh. 390,000. Faida imekwisha na mtaji umepungua kwa Sh. 10,000.

Kwa hiyo kiti kisicho na lebo si cha bei nafuu hata kikiuzwa nusu ya bei. Vilevile, viti vingi huwekewa na kiwanda ukomo wa matumizi, mara nyingi kati ya miaka sita na 10, kwa kuwa plastiki na mikanda huchakaa. Kiti cha mwaka 2013 leo kimepita umri huo, hata kama kitambaa chake bado kinang'aa. Kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali kubwa nacho kisinunuliwe.

Modeli ipi?

Kabla ya kulinganisha bei, tazama gari la mteja. Baadhi ya viti hufungwa kwa vishikizo vya chuma vya ISOFIX tu, na magari mengi ya zamani hayana vishikizo hivyo. Kwa mteja wa namna hiyo, kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari ndicho chenye soko.

Viti vya Ulaya vya kiwango cha R44 huwa na lebo ya rangi ya machungwa inayoonyesha uzito. Cha mtoto mchanga, hadi kilo 13, hutazama nyuma. Cha kilo 9 hadi 18 kina mikanda yake. Cha kilo 15 hadi 36 humwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae vizuri. Hiki kinahitaji mkanda unaopita begani na kiunoni, si ule wa kiunoni peke yake. Kiwango kipya cha R129, kilichoanza mwaka 2013, hupima kwa urefu wa mtoto. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Kasoro ikitangazwa

Muuzaji aandike katika daftari modeli, namba, tarehe, na simu ya kila mnunuzi. Kabla ya kuuza, alinganishe lebo na matangazo ya kiwanda. Kiti kikikutwa kimo, kiondolewe rafuni na waliokwisha kununua wapigiwe simu. Kifungio kisichongwe wala kubadilishwa na fundi wa mtaani. Spea itoke kwa mtengenezaji. Kama haipatikani, mikanda ikatwe ili kiti kisirudi sokoni kwa mlango wa nyuma. Mnunuzi anayeona amedanganywa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ni afadhali kuanza na viti vitatu vyenye lebo zinazosomeka kuliko 10 vya kubahatisha. Lushoto ni mji mdogo. Mteja aliyepigiwa simu kuonywa atarudi dukani. Aliyefichwa atawaambia wenzake.