Maji hushuka, mgonjwa hupanda

Sumbawanga mjini, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, watu huamka na sweta. Ukishika barabara ya Ntendo kwenda Muze, uwanda wa Ufipa unakatika ghafla na unaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, chini kwa karibu kilomita nzima, ambako sweta inakuwa adhabu. Mito nayo hushuka huko huko. Masika inapokolea hubeba udongo, samadi na kinyesi cha waliojisaidia vichakani, na wa bondeni huchota humo humo.

Kipindupindu kiliripotiwa Tanzania Bara kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Mwaka 1997 kiliwapata watu zaidi ya 40,000 na kuua 2,231. Mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulikuwa bado haujazimika mwaka 2018, na bonde la Rukwa nalo lilionja.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", lakini hapa mchawi hayumo. Sumu ya bakteria hulazimisha utumbo kumwaga maji badala ya kuyafyonza. Mgonjwa mahututi hupoteza hata lita moja kwa saa, choo kikiwa kama maji yaliyooshewa mchele. Wakulima wa mpunga wa Muze hawahitaji kuchorewa picha. Asipotibiwa, nusu kwa nusu atakufa. Akirudishiwa maji na chumvi mapema, hatari hushuka chini ya mmoja kati ya 100.

Mapema ndipo penye kazi, kuanzia kwenye kinga. Pampu ya kijiji ikifa na mfuko wa kamati ya maji ukiwa mtupu, ndoo hurudi mtoni siku hiyo hiyo. Tangu 2019 maji ya vijijini yako mikononi mwa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ila kuchimba kisima ni kitu kimoja, kupata spea ni kingine. Hata kidonge cha klorini hushindwa na maji ya tope, kwani uchafu hukimaliza nguvu kabla hakijafikia vimelea: yachujwe kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa, yatiwe kidonge, kisha yasubiriwe nusu saa.

Dripu zikiisha zahanati, mgonjwa hupandishwa mlima hadi Sumbawanga. Hapo ndugu wasingoje gari ndipo waanze kumnywesha. Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anyweshwe kidogo kidogo, hata akitapika, hata akiwa kabanwa katikati kwenye bodaboda.