Mkulima Anayenunua Unga

Kila msimu wa mavuno, wanasiasa wa Bonde la Ufa huitaka Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) ipandishe bei ya gunia la kilo 90. Wanasema wanamtetea mkulima mdogo. Mbona basi wachumi wa kilimo wa Kenya wamekuwa wakilitilia shaka dai hilo miaka nenda miaka rudi?

Chanzo cha shaka hiyo ni kazi ya Taasisi ya Tegemeo, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Egerton. Kuanzia mwaka 1997, kisha 2000, 2004, 2007 na 2010, watafiti wake walizirudia kaya zilezile vijijini na kuziuliza zimelima nini, zimevuna kiasi gani, zimeuza nini na zimenunua nini. Ikabainika kwamba wakulima wengi wadogo hununua mahindi mengi kuliko wanayouza. Sehemu kubwa ya mahindi yanayofika sokoni hutoka kwa wakulima wachache tu, wengi wao wenye mashamba makubwa zaidi. Bodi ikipandisha bei, hao ndio wanaochuma. Mama wa Vihiga mwenye nusu eka, aliyemaliza akiba yake miezi kadhaa kabla ya mavuno mengine, ndiye anayelipa dukani.

Matokeo ya namna hii hayapatikani kwa mtaalamu aliyetua juzi na atakayeondoka wiki ijayo. Mkulima ukimuuliza amevuna kiasi gani, atakujibu kwa magunia, debe au gorogoro, na gunia lenyewe huenda limefurika kupita kipimo. Yale mahindi mabichi yaliyochomwa na kuchemshwa kabla ya kukauka hatayataja usipomwuliza. Mdadisi aliyekulia huko anajua kuuliza, na akirudi miaka mitatu baadaye anajua pia kwamba boma limegawanywa kati ya ndugu wawili, kwa hiyo shamba halikupungua kwa bahati mbaya.

Ila tusijidanganye kuhusu mfuko uliolipia kazi hiyo. Tegemeo ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan State, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa shirika la misaada la Marekani, USAID. Ujuzi ulikuwa wa hapa. Pesa hazikuwa za hapa. Hatari yake ilionekana Januari 2025, Washington ilipositisha misaada yake ya nje. FEWS NET, mtandao wa kutabiri njaa ulioanzishwa mwaka 1985, ulizimika ghafla, na nchi zilizouzoea zikajikuta gizani.

Kenya ilikuwa na pa kushika. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), iliyoundwa kwa sheria ya nchi, hutoa taarifa kila mwezi kuhusu kaunti 23 kame na nusu kame. Humo utakuta mzingo wa mkono wa mtoto, umbali wa kwenda kisimani, na kipimo ninachokipenda kuliko vyote: mbuzi mmoja akiuzwa ananunua kilo ngapi za mahindi. Kilo hizo zikianza kupungua Turkana au Marsabit, njaa iko njiani hata kama mvua haijatangazwa kuwa imekosekana.

Wapo wanaosema serikali haisikii watafiti. Nadhani inasikia vizuri sana, ila wauzaji wakubwa wana chama na simu ya waziri, na mama wa Vihiga hana. Mwaka wa uchaguzi sauti yake huongezeka thamani. Mwaka 2017 pakiti ya unga ya kilo 2 ilishushwa hadi shilingi 90, na Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, hadi shilingi 100. Wakubwa serikalini walijua fika nani ananunua.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa. Sidai kifikiwe kesho. Ninachotaka ni kifungu kimoja kwenye bajeti ya Hazina, kisichoguswa waziri akibadilishwa wala mfadhili akikasirika, cha kuwarudisha wadadisi kwa kaya zilezile kila baada ya miaka mitatu, na matokeo yachapishwe hata yanapoiumbua wizara.