Maji ya ndoo ya watoto wa samaki

Wewe mwenye bwawa, ukienda kununua watoto wa makobo katika kituo cha kuzalisha samaki, unahesabu samaki tu. Unasema: nimepata 200. Lakini ndoo haina samaki peke yao. Ina maji, na katika maji mna mayai ya konokono, vipande vya majani, watoto wa samaki wa namna nyingine, na vijidudu vya ugonjwa visivyoonekana. Hivyo hukuvinunua, lakini umevibeba.

Pengine utasema: vitu vidogo hivi vitaniharibia nini? Sikiliza habari za jirani zetu wa Zambia. Mwaka 2001 watu walileta kamba wa Australia katika mabwawa ya kufugia. Ni kamba mwenye magando makubwa, na dume ana alama nyekundu juu ya gando. Walitaka kumfuga na kumwuza. Lakini kamba huyu hutembea hata juu ya nchi kavu, ukingo wa bwawa haumzuii. Akatoka. Leo yuko katika mto Kafue na katika ziwa Kariba, na wavuvi wanakuta samaki wamekwisha kuliwa nusu ndani ya nyavu. Tena chanzo cha Kafue kiko karibu na mpaka wetu wa Katanga. Maji yake na maji ya Lualaba hayakutani, mwinuko wa nchi unayatenga. Basi njia yake ya upesi ya kuvuka ni ndoo ya mtu.

Katika Kafue vilevile makobo wa mto Nile waliletwa mabwawani miaka ya 1980, wakatoroka, wakazaana na makobo wa pale. Kamba unaweza kumkamata. Damu iliyochanganyika, hakuna wavu wa kuitoa.

Sasa fanya hivi. Katika kituo uliza: samaki hawa ni wa mto gani? Ukiona jani au konokono ndani ya ndoo, usipokee. Ukifika nyumbani, tia maji ya bwawa kidogo kidogo katika ndoo, samaki wazoee. Halafu uwatoe kwa kijavu, uwatie bwawani. Maji ya ndoo uyamwage juu ya udongo mkavu, mbali na mto. Osha ndoo na wavu, uanike juani mpaka vikauke kabisa. Mahali maji yanapoingia na yanapotoka weka wavu wa chuma wenye matundu madogo.

Ukivua bwawa lote, acha tope likauke mpaka lipasuke, kisha utie chokaa. Wengi huikimbia kazi hii, kwa kuwa bwawa linakaa bila samaki. Wenye kituo nao wawaweke samaki wageni katika bwawa la peke yake, lisilotoa maji mtoni, wakiwaangalia majuma kadhaa.

Ukikamata kamba mwenye magando, usimrudishe majini, wala usimchukue mzima kuwaonyesha ndugu zako. Umwue, umpeleke kwa moniteri, umwambie umemkuta wapi.