Mlango wa Udaktari Uliofunguliwa New Orleans

Barabara ipitayo kando ya Chuo Kikuu cha Xavier, mjini New Orleans nchini Marekani, ilibeba kwa miaka mingi jina la Jefferson Davis, kiongozi wa majimbo yaliyoingia vitani ili utumwa udumu. Tangu Januari 2021 inaitwa kwa jina la Norman Francis, mwana wa kinyozi, ambaye wazazi wake hawakumaliza skuli ya sekondari. Bwana huyu hakuwa tabibu; alihitimu sheria mwaka 1955. Hata hivyo, ni wachache mno waliowafungulia vijana Weusi njia ya udaktari kama yeye.

Ili msomaji aupime uzito wa kazi hiyo, hana budi kurejea mwaka 1910, Abraham Flexner alipotoa ripoti yake juu ya skuli za udaktari za Marekani. Za Weusi zilikuwa saba. Yeye akaona zinazostahili kubaki ni mbili tu, Howard na Meharry. Haikupita miaka mingi, zile tano zikawa zimefungwa. Vyuo vya Wazungu vya Kusini navyo havikumpokea Mweusi. Kwa miongo mingi vyuo viwili hivyo vikabeba karibu mzigo wote.

Francis aliukubali uongozi wa Xavier tarehe 4 Aprili 1968, siku ile ile aliyouawa Martin Luther King. Chuo hicho cha Kikatoliki kilikuwa kikifundisha ufamasia tangu 1927, lakini waliotoka hapo kwenda kusomea udaktari walikuwa haba. Vijana wengi walitoka katika skuli dhaifu. Njia nyepesi ingekuwa kuwachuja, wabaki wale waliokwisha kuiva. Nasi visiwani tumeizoea desturi hiyo hata tukadhani ndiyo elimu yenyewe.

Mwalimu wa kemia, J. W. Carmichael, pamoja na wenzake, walifanya kinyume, na Francis akawaunga mkono. Vijana waliitwa likizo ya kiangazi, kabla hata ya kuanza mwaka wa kwanza, wakazoezwa kufikiri na kutatua mafumbo ya sayansi. Walimu walikubaliana juu ya mtaala mmoja, ili mwanafunzi asidhurike kwa bahati ya kumpata mwalimu huyu badala ya yule. Walisoma kwa vikundi, aliyeelewa akimfafanulia mwenzake. Aliyeanza kurudi nyuma alifuatwa mapema, si baada ya mtihani kumwangusha. Maofisa wetu wa elimu na afya watambue kwamba katika haya yote hamna mtambo wa thamani kubwa. Kuna walimu waliokubali kuongeza saa zao za kazi, jambo ambalo pengine ni gumu kuliko kununua mtambo.

Chuo hicho chenye wanafunzi wapatao 3,000 kikaja kuongoza Marekani nzima kwa idadi ya wahitimu Weusi wanaoendelea hadi kuwa madaktari, kikivitangulia vyuo vyenye utajiri usiolinganishika nacho.

Agosti 2005 kimbunga Katrina kilikizamisha. Francis aliahidi masomo yataanza tena Januari 2006, nayo yakaanza. Alistaafu mwaka 2015, akiwa amekiongoza kwa miaka 47. Aprili 2024, Xavier na hospitali za Ochsner walitangaza kwamba wataanzisha pamoja skuli ya udaktari, mjini humo humo.