Fahamu: Jinsi simu inavyomsaidia asiyeona kununua dukani

Pakiti ya sembe na ya unga wa ngano, ukizipapasa tu, hazina tofauti kubwa. Asiyeona hufungua Seeing AI, programu ya Microsoft iliyotoka 2017, kisha huizungusha pakiti taratibu mbele ya kamera. Simu hulia, na milio huzidi kasi kadiri msimbopau unavyokaribia. Halafu hutaja jina la bidhaa.

Programu nyingine, Be My Eyes, iliyoanzishwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, humuunganisha asiyeona bure kwa video na mtu wa kujitolea anayeona. Tangu 2023 akili unde iliyomo ndani yake nayo humweleza picha.

Lakini tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa hafifu huisumbua kamera, na gengeni nyanya hazina msimbopau: hapo ni kuzibonyeza na kumuuliza muuzaji.