Je, Wajua? Besi Fupi na Nyuzi Zake

Sauti ya besi ikilegea, mpigaji kwanza hulaumu spika, kisha humlaumu fundi mitambo. Mara nyingi mkosaji ni uzi uliolala shingoni mwa gitaa lake mwenyewe, na kwenye besi fupi mkosaji huyo hana huruma.

Je, wajua kuwa ufupi wa besi haupimwi kwa urefu wa gitaa zima? Hupimwa sehemu ya uzi inayotetema tu, kuanzia darajani hadi kwenye mfupa, yaani kile kipande chenye mifereji kilicho mwanzo wa shingo. Besi ndefu ina inchi 34, sawa na sentimita 86. Ya kati ina 32. Fupi ina takriban 30, sawa na sentimita 76.

Je, wajua kuwa hata hiyo "ndefu" ni fupi? Dabo besi, ile inayosimama wima katika vikundi vya taarab asilia Unguja, uzi wake unaotetema hupita mita moja. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender wa Marekani alipotoa besi ya umeme ya Precision Bass mwaka 1951 alichagua inchi 34. Kampuni ya Gibson walipomfuata mwaka 1953 wakapunguza hadi 30 na nusu.

Je, wajua kuwa besi fupi si ya wanagenzi pekee? Paul McCartney wa The Beatles alinunua besi ya Höfner yenye umbo la fidla mjini Hamburg mwaka 1961. Kwa kuwa ni mashoto, alipenda kwamba pande mbili za gitaa hilo zinafanana. Besi hiyo iliibwa mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zikatangazwa mwaka 2024. Jack Bruce wa Cream naye alitikisa majukwaa kwa Gibson EB-3, fupi vilevile.

Je, wajua kwenye besi fupi vidole vinapumzika kiasi gani? Freti (kijiti cha chuma shingoni) ya kwanza ya besi ndefu iko milimita 48 kutoka kwenye mfupa. Kwenye fupi ni milimita 43. Tano tu, lakini muulize aliyepiga harusi hadi alfajiri.

Je, wajua kuwa siri ya uzi ilichapishwa mwaka 1636? Marin Mersenne, padri wa Kifaransa, alieleza kuwa sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu, mkazo na uzito. Chukua uzi wa besi ya inchi 34, ufunge kwenye ya inchi 30 kwa noti ileile: mkazo utashuka kwa takriban asilimia 22. Ndiyo maana uzi wa E, ule mnene, kwenye besi fupi hulegea kama kamba ya kuanikia nguo na kugonga freti.

Je, wajua dawa yake? Ulichopunguza kwenye urefu, kirudishe kwenye uzito. Namba za pakiti, kama 45, 65, 85 na 105, ni unene kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa hiyo 105 ni milimita 2.67. Aliyezoea 45 hadi 100 kwenye besi ndefu, kwenye fupi na ajaribu 50 hadi 105.

Je, wajua kuwa dawa ikizidi ni sumu? Uzi mnene mno kwenye nafasi fupi huwa mgumu kama fimbo, na noti zake hutoka na ukungu. Tena huenda usiingie kwenye mfereji wa mfupa mpaka fundi aupanue mfereji huo kwa tupa.

Je, wajua kuwa maneno "besi fupi" kwenye pakiti hayatoshi kukuhakikishia urefu wa uzi? Uzi hauanzii darajani kila mara. Kwenye Höfner ya fidla, kipete cha shaba cha mwisho wa uzi hukaa kwenye mkia wa chuma, nyuma kabisa ya daraja. Kwenye baadhi ya besi uzi hupenya mwilini kutokea mgongoni. Kote huko uzi hutumia sentimita kadhaa kabla haujaanza kutetema.

Je, wajua kwa nini ncha ya uzi ni nyembamba? Ili izunguke vizuri kwenye kigingi. Uzi ukiwa mfupi mno, wembamba huo huanza kabla ya mfupa na sauti hufa. Ukiwa mrefu mno, sehemu nene hulazimishwa kuzunguka kigingi, na waya wa nje unaweza kupasuka.

Je, wajua kosa la mkasi? Kukata kabla ya kukunja. Kunja kwanza ncha kwa pembe ya mraba, ndipo ukate mbele ya kona hiyo. Usipofanya hivyo, waya wa nje unaweza kufumuka na kuuacha uzi bubu.

Je, wajua kuwa nyuzi nazo zina tabia? Zilizozungushiwa waya wa mviringo, raundi, hung'aa na kukwaruza. John Entwistle wa The Who alishirikiana na kampuni ya Rotosound ya Uingereza kuziboresha mwaka 1966. Zilizozungushiwa waya bapa, flati, ni laini kidoleni na sauti yake ni nzito na ya duara. James Jamerson wa Motown alipiga flati, na hakuzibadili mpaka zikatike.

Je, wajua kuwa nyuzi huchemshwa? Raundi zilizojaa jasho na uchafu zikitiwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kisha zikakaushwa vizuri, hung'aa tena kwa siku chache. Mwenye sufuria asiambiwe.

Je, wajua kuwa kuna besi ya inchi 21 hivi? Ni U-Bass ya kampuni ya Kala, ndogo kama ukulele. Nyuzi zake za awali hazikutengenezwa kwa chuma bali kwa poliurethani, nene na laini kama mpira. Chuma cha unene huo kingekuwa nondo.

Je, wajua kuwa kufunga nyuzi mpya si mwisho wa kazi? Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, uupige, usikie. Kisha ubonyeze hapohapo na uupige tena. Noti ya pili ikipanda juu ya ile ya kwanza, rudisha nyuma kidogo kitako kinachobeba uzi huo darajani.

Je, wajua kifaa cha kwanza cha kununulia nyuzi? Tepu ya fundi cherehani. Pima kutoka kipete kinapokaa hadi kwenye mfupa, uandike namba hiyo, uende nayo dukani. Uzi ukishakatwa, muuzaji hapokei tena.