Daktari Akiugua Moyoni

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kueleza mgonjwa afanye nini ili apone, na ni wakati gani inampasa kumwendea daktari. Safari hii tunaligeuza swali. Je, daktari mwenyewe akiugua, tena si mwilini bali moyoni na akilini, humwendea nani? Swali hili liliulizwa kwa uchungu sehemu nyingi za dunia wakati wa ugonjwa wa Korona, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na kuiondoa dharura hiyo tarehe 5 Mei 2023. Wengi wetu tumekwisha kuzitupa barakoa. Lakini wapo madaktari na wauguzi ambao bado wanayabeba mambo waliyoyaona siku zile.

Watu husema: “Madaktari wamezoea, wao huona maiti kila siku.” Usemi huu una ukweli kidogo na kosa kubwa. Ni kweli kwamba daktari hujifunza kuizuia huruma yake isimtetemeshe mkono wakati anapomshona mtoto anayelia. Hiyo ni sehemu ya ufundi wake, kama vile seremala anavyozoea kutembea juu ya kenchi za paa. Lakini seremala naye huanguka, hasa paa lenyewe likianza kutikisika.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 watafiti wa China waliwauliza wafanyakazi 1,257 wa hospitali 34 juu ya hali zao. Nusu ya wale waliojibu walikuwa na dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na shida ya usingizi. Walioumia zaidi walikuwa wauguzi, wanawake, na wale waliowahudumia wagonjwa wa Korona kwa mikono yao, hasa katika mji wa Wuhan ambako ugonjwa ulianza kujulikana. Tukumbuke kwamba dalili zilizoandikwa kwenye karatasi ya maswali si sawa na ugonjwa uliothibitishwa na mganga. Hata hivyo, nusu ya watu si jambo dogo.

Ni nini hasa kilichowaumiza? Jambo la kwanza ni hofu, na hofu si dhambi wala si woga. Mwenyezi Mungu ametuumba hivi kwamba tukikutana na hatari mwili hutoa kemikali zinazoufanya moyo uende mbio, misuli ikaze, na usingizi ukimbie. Hali hiyo ni njema kwa mtu anayemkimbia nyoka, maana baada ya dakika chache nyoka ameondoka na mwili unatulia. Lakini kama nyoka yumo wodini kutwa nzima, na jioni unaogopa kwamba umemchukua mfukoni kuwapelekea watoto wako, basi mwili hautulii. Madaktari wengi walilala vyumba vya pembeni au katika nyumba za wageni kwa majuma kadhaa ili wasiwaambukize mama zao wazee. Kwa hiyo wakati walipohitaji zaidi kukumbatiwa, walikuwa peke yao. Na hofu yao ilikuwa na sababu: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 wafanyakazi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa Korona duniani.

Jambo la pili ni kuchakaa kwa kazi. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, ndiye aliyeieleza hali hiyo kitaalamu mwaka 1974, baada ya kuwaona watu wa kujitolea katika zahanati ya maskini wakianza kwa moyo wa kuwaka na kuishia majivu. Anayechakaa huchoka hata akilala. Huanza kuwaita wagonjwa kwa namba za vitanda, na mwisho huona kwamba kazi yake yote haifai kitu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kwamba hali hii si ugonjwa, bali ni tokeo la mzigo wa kazi usiosimamiwa vema. Tofauti hii ina maana kubwa. Kama kosa limo katika mpango wa zamu, haitoshi kumwambia daktari ajikaze au afanye mazoezi ya kupumua. Zamu ndizo zinazopaswa kurekebishwa.

Jambo la tatu, ambalo sisi tunaliona kuwa zito kuliko yote, ni jeraha la dhamiri. Jonathan Shay, daktari wa Marekani aliyewatibu askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam, aligundua kwamba wengi wao hawakuumizwa na risasi tu, bali na yale waliyoyatenda au kuyashuhudia kinyume cha dhamiri zao. Katika Korona madaktari waliupata uchungu wa namna hiyo hiyo. Mwezi Machi 2020, wakati hospitali za kaskazini mwa Italia zilipofurika, chama cha madaktari wa usingizi na wagonjwa mahututi wa nchi hiyo kililazimika kutoa mwongozo wa kuamua nani apewe kitanda cha wagonjwa mahututi pale vitanda visipotosha. Hebu fikirini, ndugu wasomaji. Mtu amesoma miaka mingi ili aokoe uhai, halafu anapewa kitanda kimoja na wagonjwa wawili. Akichagua kwa hekima yote, bado mmoja atakufa, na daktari huyo atakwenda nyumbani na sura ya yule mmoja.

Tena, sehemu nyingi ndugu walikatazwa kuingia wodini. Daktari au muuguzi ndiye aliyeishika simu karibu na sikio la anayekufa ili binti yake aliye mbali aseme kwaheri. Kisha simu ile ile ilipanguswa kwa dawa na kupelekwa kitanda kingine. Kazi hiyo haimo katika kitabu chochote cha udaktari.

Mwaka ule ule dunia ilimfahamu Daktari Lorna Breen, mwenye umri wa miaka 49, mkuu wa idara ya dharura katika hospitali moja ya kaskazini mwa Manhattan, mjini New York. Mwezi Machi 2020 aliugua Korona, akapumzika siku chache, na tarehe 1 Aprili alirudi kazini wakati wagonjwa wanamiminika. Alifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku na kuzidi. Baada ya siku kadhaa alimpigia simu dada yake akisema kwamba hawezi hata kuinuka kwenye kiti. Ndugu zake walimpeleka hospitali katika jimbo la Virginia, akalazwa siku kumi na moja. Tarehe 26 Aprili 2020 alijiua. Ndugu zake walieleza kwamba kabla ya hapo hakuwahi kuwa na ugonjwa wa akili.

Kujiua hakuna sababu moja tu, na si haki kuhukumu kutoka mbali. Lakini jambo moja ambalo ndugu zake walilisimulia limewagusa madaktari wengi: baada ya kulazwa, aliogopa kwamba sasa kazi yake imekwisha na leseni yake itachukuliwa. Hofu hiyo haikuwa ndoto. Katika majimbo mengi ya Marekani, karatasi za kuomba leseni ziliuliza kama daktari amewahi kutibiwa ugonjwa wa akili, hata kama ni zamani na amepona. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Daktari mwenye kisukari hutibiwa na kuendelea na kazi, lakini daktari mwenye sonona hujificha. Hujiandikia vidonge vya usingizi mwenyewe, au huigeukia chupa ya pombe, kwa sababu chupa haiandiki ripoti. Mwezi Machi 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria inayobeba jina la Lorna Breen, inayotoa fedha za kuwafundisha na kuwahudumia wafanyakazi wa afya, na kuwahimiza waombe msaada mapema. Bodi za majimbo mengi pia zimeyarekebisha maswali yale.

Hapa tuseme neno juu ya sifa. Mwaka 2020 miji mingi ya Ulaya na Marekani watu walisimama madirishani jioni kuwapigia makofi madaktari na kuwaita mashujaa. Nia ilikuwa njema. Lakini shujaa haruhusiwi kusema “nimechoka”, na pengine makofi yale yaliwafunga wengine midomo. Kwa maoni yetu, glavu na mshahara unaofika kwa wakati ni afadhali kuliko makofi. Madaktari wa Kenya waliogoma tarehe 21 Desemba 2020 hawakudai sifa, walidai vifaa vya kujikinga na bima.

Si lazima twende New York tu kujifunza. Mwaka 2000, katika hospitali Katoliki ya Mtakatifu Maria huko Lacor, karibu na mji wa Gulu nchini Uganda, uliingia ugonjwa wa Ebola. Haukuenea duniani kama Korona, lakini kwa waliokuwa wodini hofu ilikuwa kali zaidi, maana zaidi ya nusu ya waliougua Uganda walikufa: watu 224 kati ya 425. Mganga mkuu, Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa Mprotestanti, alikuwa Kampala masomoni. Mwezi Oktoba aliitwa, akarudi mara moja.

Mwezi Novemba, baada ya wauguzi kadhaa kufa kwa kufuatana, wenzao waliacha kazi na kukusanyika katika ukumbi wa shule ya uuguzi. Walimwambia mganga mkuu wao mbele ya wote kwamba wanaogopa na kwamba wodi ile ifungwe. Daktari Lukwiya hakuwaita waasi wala hakuwaandikia barua za onyo. Alikaa nao kwa saa nyingi, wakabishana, na yeye akasema wazi kwamba hatawalazimisha, ila mwenyewe atabaki na wagonjwa. Mwishowe wengi walirudi wodini. Siku chache baadaye yeye mwenyewe aliugua, akafa tarehe 5 Desemba 2000. Mkutano ule haukuiondoa Ebola. Lakini hofu ilipata kutamkwa mbele ya mkubwa aliyevaa mavazi yale yale ya kinga na kuingia wodi ile ile.

Ugonjwa ukipita, moyo haupoi siku hiyo hiyo. Baada ya mlipuko wa SARS wa mwaka 2003 nchini Kanada, watafiti waliwalinganisha wafanyakazi wa hospitali za Toronto, waliowatibu wagonjwa wa SARS, na wale wa mji wa jirani wa Hamilton, ambako ugonjwa haukufika. Ulikuwa umepita mwaka mmoja hadi miwili. Wale wa Toronto bado walikuwa wamechakaa zaidi, na wengi zaidi miongoni mwao walikuwa wamepunguza kazi au kuwaepuka wagonjwa. Walioona kwamba wamefundishwa vya kutosha na kwamba wakubwa wao wanawaunga mkono waliumia kidogo kuliko wenzao.

Basi, aliye na daktari, tabibu au muuguzi nyumbani atazame mambo haya: kukosa usingizi kwa majuma, hasira asiyokuwa nayo zamani, kuacha kula pamoja na wengine, pombe kuongezeka, kusema kwamba hafai au kwamba ni mzigo. Usimwambie, “Wewe ni daktari, unajua la kufanya.” Daktari hawezi kujitibu moyo wake, kama vile kinyozi asivyoweza kujinyoa kisogo. Mpe chakula, mwondolee kazi ndogo ndogo za nyumbani, umwache asimulie au anyamaze. Dalili zikizidi majuma mawili, umsindikize kwa mtaalamu wa afya ya akili, ikiwezekana katika hospitali nyingine, mbali na wenzake wa kazi.

Ukihofu kwamba anafikiri kujiua, mwulize waziwazi. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. La hasha, halimpandikizii. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa na vitu vya hatari, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nao wanaosimamia hospitali na zahanati, zikiwemo zile za majimbo yetu, wasingoje mlipuko mwingine ndipo watafute chumba chenye mlango unaofungika na mtu wa kuwasikiliza wauguzi wao baada ya zamu ya usiku.